Mipodo ya Uani kwa Bi Mkubwa

Mama alishuka kwenye basi la Lushoto akiwa amekumbatia makopo mawili ya rangi, na ndani ya kila kopo kulikuwa na mche wa mti usiofika urefu wa mwiko. Begi lake la nguo alilisahau chini ya kiti, kondakta akatukimbilia nalo. Kiroba cha udongo hakukisahau. Alikuwa amekipakata njia nzima, na gauni lake lilikuwa jeusi mapajani kama la mtu aliyetoka kulima.

Alikuja kutibiwa moyo. Miguu ilikuwa imevimba, pumzi zinamkatika akipanda kilima cha nyumbani, na daktari wa kule akashauri aonwe na mabingwa wa mjini. Kaka yangu, aliyekaa naye tangu baba afariki, alitaka amlete mwenyewe kisha amrudishe baada ya vipimo. Mimi nilikataa. Nilisema atakaa kwangu mpaka apone, na kama kupona kutachelewa, basi atakaa tu. Nilikuwa nimeisubiri zamu yangu kwa miaka mingi. Mwanangu wa pekee ameolewa Mwanza, baba yake tuliachana zamani, na nyumba yangu ya ghorofa ya tatu pale Mchafukoge ilikuwa haina sauti nyingine zaidi ya friji.

Tukiwa kwenye bajaji nilimuuliza ule udongo wa nini, kwani Dar hakuna udongo? Akasema wa Dar ni mchanga wa pwani, mpodo hauujui. Mche ukihama lazima uende na udongo wa kwao, japo kidogo wa kuanzia. Alilisema hilo huku akitazama maduka ya Kariakoo yakipita, kama mtu anayeeleza jambo ambalo hata mtoto analifahamu.

Mimi nimezaliwa kulekule Usambara, lakini niliondoka msichana, na mpodo kwangu ulikuwa ni jina la mbao. Milango ya zamani, dari za makanisa na misikiti, makabati ya akina bibi. Sisi Wasambaa tunauita mse. Watu wa mjini wakiona mti usiopukutisha majani, wa jamii ya misonobari, hudhani uliletwa na wageni pamoja na ile iliyopandwa kwa mistari kwa ajili ya mbao. Mpodo haukuletwa na mtu. Una majani membamba ya kijani kizito kinachokaribia weusi, na machipukizi yake hutoka na kijani chepesi, laini, kama si ya mti uleule. Hukua polepole mno. Mama alizaliwa akaukuta mmoja nyuma ya nyumba ya babu, na anasema hajawahi kuuona ukiongezeka.

Makopo niliyaweka kwenye roshani, mahali ambapo ningeyaona nikinywa chai. Nilijisikia mtu mwenye mali. Asubuhi tuliketi pale na mama, mimi nikijiandaa kwenda kufungua duka langu la mapazia, yeye akichokonoa udongo kwa kijiko, na nilidhani hivyo ndivyo tutakavyoishi.

Roshani yangu inatazama magharibi. Kuanzia adhuhuri jua huipiga mpaka sakafu inachoma nyayo. Mche mmoja ulianza kuwa wa kahawia kwenye ncha, ukapanda mpaka kwenye shina, ukafa. Siku chache baadaye nilirudi kutoka dukani nikakuta roshani tupu, makopo yote mawili hayapo, na mama pia hayupo.

Nilimkuta chini, uani kwa Bi Mkubwa.

Jengo letu ni la zamani. Chini kuna duka la sufuria na vyombo la vijana wawili wenye asili ya Uarabuni, na nyuma ya duka wanaishi na mama yao, mjane, ambaye jengo zima tunamwita Bi Mkubwa. Nilikuwa nimeishi juu yake kwa miaka, na uhusiano wetu ulikuwa wa shikamoo na marahaba kwenye ngazi, basi. Uani kwake palikuwa na kipande cha ardhi kisicho na saruji, pale ulipokatwa mti wa zamani wa mkungu. Ukuta wa jirani unakikinga na jua la mchana. Mama alikuwa amechungulia kutoka roshani yangu, akakiona, akashuka ngazi zote zile na moyo wake mbovu, akabisha hodi kwa mtu asiyemjua, akaomba shimo.

Nilipofika, shimo lilikuwa limeshachimbwa, mche umeshakaa, udongo wa Lushoto umeshamwagwa kuuzunguka. Bi Mkubwa alikuwa amekaa kwenye kigoda akipanga makumbi ya nazi juu ya udongo ili unyevu usitoroke. Mama alikuwa amechuchumaa. Wote wawili walikuwa wanacheka. Waliponiona waliacha kucheka, si kwa ubaya, ila tu kama watu wanavyoacha anapoingia mgeni. Nilimsalimia Bi Mkubwa, nikamwambia mama muda wa dawa umefika, nikamshika mkono tukapanda.

Kuanzia hapo mama alihamia chini. Kulala alilala kwangu, na nguo zake zilikuwa kwangu, lakini mimi nikitoka asubuhi naye anatoka, na nikirudi namkuta ndiyo kwanza anapanda, akishika ukuta, akiwa na udongo kwenye kucha na harufu ya ubani wa watu kwenye mtandio. Nilimpikia bila chumvi kama tulivyoelekezwa. Alikula kidogo, akasema tayari ameonja kitu chini. Nilimuuliza kitu gani. Akasema mkate wa ufuta na supu. Nikamuuliza kama hiyo supu ina chumvi. Akasema shoga yake anampikia yake pembeni.

Lile neno liliniingia kama mwiba. Mama yangu hakuwahi kumwita mtu yeyote shoga. Kwetu milimani hawasemi hivyo. Amejifunzia mjini, kwa mwanamke aliyemjua tangu juzi. Na mimi niliyekuwa naye mezani alinijibu ndiyo, hapana, ahsante, chakula kitamu. Nilianza kumhesabia maneno. Nikiwa roshani nikianua nguo nilisikia sauti yake chini ikipanda na kushuka, ikisimulia, ikikatishwa, ikirudi, na sikuwahi kujua kwamba mama yangu ni msimuliaji. Nilisikia visa vya utoto wangu mwenyewe kwa mbali, nusunusu, vikipewa mtu mwingine.

Ramadhani ilipoingia nilijipa moyo. Futari huliwa nyumbani. Nilifunga duka mapema kila siku, nikapika maboga, tambi, magimbi ya nazi. Siku ya kwanza alifuturu nami. Siku ya pili mtoto wa Bi Mkubwa alileta sinia limefunikwa, salamu kutoka kwa mama yake, na mama akala kutoka sinia lile kabla hajagusa changu. Najua alikuwa anafanya adabu tu, chakula cha jirani hupewa heshima. Lakini nilimtazama akimega, na ile tende niliyokuwa nayo mdomoni nikaimeza bila kuitafuna vizuri.

Kilichoniuma kuliko vyote ni kiyoyozi. Kabla hajaja nilifunga kipya kwenye chumba chake, kwa sababu nilijua mtu wa Lushoto hatalistahimili joto la Dar. Hakukitaka. Kila nikitoka alikizima, akafungua dirisha, akasema kinamuumiza mifupa. Sikuwahi kumlazimisha. Kisha alasiri moja ya joto kali nilirudi nikakuta kinanguruma, mlango wa chumba uko wazi, na nyumba nzima imepoa. Nilisimama mlangoni nikafurahi kama mtoto. Nilidhani hatimaye amekubali kitu changu.

Chumbani hakukuwa na mtu. Nilitoka roshani, na ndipo nikaliona bomba jembamba la plastiki. Lilitoka kwenye kiyoyozi changu, likashuka ukutani limefungwa kwa nyaya kwenye bomba kubwa la maji ya mvua, mpaka ndani ya ndoo ya bluu uani kwa Bi Mkubwa. Mama na shoga yake walikuwa wamemwita fundi nikiwa dukani. Maji ya kisima cha jengo letu yana chumvi, na ncha za majani ya mpodo zilianza kuungua. Maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi hayana chumvi. Mama alikuwa anakiwasha asubuhi na kukiacha kinywe hewa ya chumba kitupu ili mti upate maji.

Umeme niliendelea kununua. Lakini kila nikisikia yale matone yakianguka kwenye ndoo kule chini niliona kama kuna mtu ananicheka taratibu.

Nilijaribu kumshinda Bi Mkubwa kwa mti wangu mwenyewe. Nilikwenda kwenye bustani za kando ya barabara, nikanunua mti uliochongwa kama pia, uko kwenye chungu cha kung'aa, ule ambao watu huuweka mlangoni kwenye hoteli. Muuzaji aliniambia hauhitaji chochote. Niliubeba kwa bajaji, vijana wawili wakanisaidia kuupandisha. Mama aliuzunguka, akalishika jani moja kati ya vidole, akasema mzuri. Aliusema huo uzuri kwa sauti ileile anayosifia nayo ugali wangu usio na chumvi. Kisha akaniuliza ulitoka wapi, nikasema bustani, akasema aha, akashuka chini kumwagilia.

Baadaye mwaka ule shangazi yetu alifariki, nikaenda Lushoto kuzika. Mama hakuruhusiwa kusafiri. Msiba ulipoisha nilimwomba kaka anipeleke nyuma ya nyumba ya babu, ambapo ule mpodo bado umesimama. Nilikuwa sijaukaribia tangu nikiwa mdogo. Nilikumbatia shina na mikono yangu haikufika popote. Chini yake kulikuwa na miche iliyojiotea kwenye majani makavu, mingi, mingine na majani manne tu. Kaka alinionyesha jinsi ya kuchimba mbali ili mzizi usikatike. Nilichagua mmoja uliosimama wima, nikauweka kwenye chupa ya maji niliyoikata shingo, nikaushindilia udongo wake uleule. Nikapanda basi nao mapajani. Nilipofika Segera nilijitazama gauni langu, lilikuwa limechafuka palepale lilipochafuka la mama.

Nilikuwa na mpango. Biashara yangu ni mapazia, na dukani nilikuwa na kitambaa cha wavu. Nilishona pazia la kufunika roshani nzima, lipitishe hewa na kuzuia jua. Mpodo huu ungekaa juu, kwenye kivuli changu, na mama angekaa nao, nami ningekaa na mama.

Alipouona alinishika mashavu kwa mikono miwili. Sikumbuki lini mara ya mwisho alinishika hivyo. Aliuliza umeotea upande gani wa mti, na udongo nimechukua wa juu au wa chini, na kama majani makavu bado ni mengi pale. Tulizungumza mpaka chakula kikapoa. Asubuhi yake niliimba nikifungua duka.

Jioni mche haukuwepo roshani.

Nilishuka ngazi nikiwa bado nimebeba mkoba. Walikuwa palepale uani. Bi Mkubwa ameshika kijiti, mama amepiga magoti, mikono imezama udongoni hadi vifundoni, na mche wangu umesimama hatua kadhaa kutoka ule wa kwanza.

"Mama, huo nimekuletea wewe," nilisema. "Nilitaka ukae juu. Nimeshona mpaka pazia."

Mama alifuta mkono kwenye kanga. Akaeleza kwa upole kwamba mpodo una dume na jike, na mti mmoja hauzai ukiwa peke yake. Alipoona nimekuja na mwingine alidhani nimelijua hilo, kwamba ndiyo maana nimeuleta. Alikuwa amemwambia shoga yake asubuhi kwamba mwanawe amefikiria mbali. Tena kwenye kopo, alisema, hata uwe na kivuli kizuri namna gani, huo mti utadumaa.

Hayo yote yalikuwa ya haki, na ningeweza kunyamaza. Sikunyamaza. Nilimuuliza kwa nini kila kitu chake kiko huku chini. Visa vyake, kicheko chake, mpaka maji ya kiyoyozi nilichomfungia mimi. Nilisema, "Mimi ndiye mwanao."

Bi Mkubwa aliinua makumbi yaliyobaki, akaingia nayo ndani polepole na kuurudishia mlango.

Mama hakukasirika. Alikaa kwenye kigoda kilichoachwa, akavuta pumzi.

"Kwako juu mimi ni mgonjwa," alisema. "Unanikalisha, unanilaza, unanipimia chumvi. Nashukuru, mwanangu, usidhani sishukuru. Ila huku chini naulizwa tufanyeje, na nikisema, inafanywa."

Nilimsaidia kunyanyuka, tukapanda, na kila tulipofika kwenye kona ya ngazi alisimama kupumzika, nami nikasimama naye. Nilikuwa na hasira, na chini ya hasira nilikuwa bado na wivu, kwa sababu hata katika maneno yale aliyonipa, sehemu nzuri ilikuwa ya Bi Mkubwa.

Tulikaa siku kadhaa tukizungumza mambo ya dawa tu. Ijumaa nikafunga duka mchana, nikachukua lile pazia la wavu, nikashuka nalo bila kualikwa. Mche mpya ulikuwa unasinyaa. Ukuta ulikuwa unaukinga ule wa kwanza, lakini huu ulipata jua la saa nane. Nilisema nina kitambaa. Mama na Bi Mkubwa wakatazamana. Kisha nikamuuliza mama, "Tukifungeje?"

Akanielekeza. Vijiti vinne, viegemee kidogo upande wa jua, wavu usiguse majani, upande wa mashariki uachwe wazi. Nilikosea, akanirudisha. Nilikosea tena. Bi Mkubwa alicheka, akaniambia mama yako ni mkali, mimi alinifukulisha shimo mara mbili. Nilikaa nao mpaka alasiri, na ndipo niliposikia kwa karibu yale niliyokuwa nikiyasikia kwa mbali. Hayakuwa mambo makubwa. Walizungumza juu ya waume waliokufa, juu ya magoti, juu ya mwanamke mmoja wa ghorofa ya kwanza na mawigi yake. Bi Mkubwa alisimulia alivyoletwa jengo lile akiwa bibi harusi, mkungu ukiwa bado unaangusha matunda uani. Kwa muda wote ule nilikuwa nimejitengenezea kichwani karamu ambayo sikualikwa, kumbe ni wazee wawili na kahawa.

Nisingependa kusema kwamba wivu uliisha siku ile. Nilishuka mara kwa mara, nilijifunza kung'oa magugu kwa vidole badala ya jembe, kwa sababu mizizi ya mpodo mchanga iko juujuu na hupenda kuachwa. Nilijifunza kwamba maji mengi huuua upesi kuliko kiu. Lakini mama akisema jambo la kuchekesha, alimtazama kwanza Bi Mkubwa kuona kama amecheka, mimi akanitazama wa pili. Niliiona hiyo kila mara.

Dawa zilimkubali. Miguu ilinywea, akaweza kupanda ngazi kwa kusimama mara moja tu. Asubuhi moja nikiwa natoka, Bi Mkubwa alinisimamisha kwenye mlango wa nyuma wa duka lao. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Tutamkosa shoga yangu," alisema. "Basi la Jumamosi, eti?"

Nilisema ndiyo, Jumamosi. Nikaendelea kutembea mpaka Kariakoo nisijue nimepita mitaa ipi. Mama alikuwa anarudi Lushoto, kaka ameshapigiwa simu, siku imeshapangwa, na mimi nimeambiwa na jirani.

Jioni nilimuuliza. Hakuzungukazunguka. Alisema, "Ningekuambia mapema ungenishika. Na mimi ningekubali." Kisha akalia kidogo, na mimi nikalia zaidi yake, na tukapika pamoja, yeye akitia chumvi kwa vidole kidogo sana huku akinitazama kama nitamkataza. Sikumkataza.

Jumamosi Bi Mkubwa alitaka kuja stendi, nikamwambia magoti yako, baki tu. Sijui kama nilikuwa namhurumia au nilitaka kuagana na mama peke yangu. Nilipata nilichotaka. Tulikaa kwenye benchi tukisubiri basi, bega kwa bega, na alichozungumzia muda wote ni mipodo: nisiondoe wavu mpaka mche ufike kiunoni, nisiruhusu mtu aufunge waya, nisikubali kupunguziwa matawi ya chini kwa ajili ya urembo.

Sasa mama hunipigia kila Jumapili. Swali la kwanza ni afya yangu, la pili ni miti. Bi Mkubwa ana simu, lakini masikio yake yamepungua na mama akipiga kelele moyo unamdunda, kwa hiyo wakashindwa kuelewana, wakaacha. Ikabidi mimi niwe ninashuka kila Jumapili asubuhi kutazama, ili nikiulizwa nijue. Nilijua kila chipukizi jipya. Nilijua tawi lipi limeinama na ncha ipi imeungua. Nikipanda juu natoa taarifa, kisha nikikutana na Bi Mkubwa nampa salamu za mama.

Jumapili moja nilipompa salamu, alizipokea kwa kichwa tu. Akavuta mtandio, akasema bila kunitazama, "Hivi anakupigia wewe tu, kila wiki?"

Niliitambua sauti ile mara moja. Ilikuwa yangu. Na sitasema uongo, kabla ya kumhurumia nilifurahi. Nilipanda ngazi zote tatu na furaha hiyo mdomoni kama pipi, nikakaa roshani nikaila mpaka ikaisha.

Mambo yangebaki hivyo kama mtoto mkubwa wa Bi Mkubwa asingeamua kuweka vigae vya saruji uani. Biashara ya sufuria ilikuwa imekua, makasha yalikuwa yamejaa mpaka kwenye korido, na kile kipande cha udongo kilikuwa kinawatia matope wakati wa mvua. Alikuwa na haki. Mafundi walishapima. Nilikuwa nimelala kidogo mchana wa Jumapili niliposikia hodi, nikafungua, nikamkuta Bi Mkubwa ameegemea fremu ya mlango, jasho linamtiririka, hawezi kuzungumza. Miaka yote ile hakuwahi kupanda kwangu. Magoti yake hayamruhusu. Nilimkalisha, nikampa maji.

"Njoo uzungumze na mwanangu," alisema alipopata pumzi. "Mimi ananiona naleta mambo ya kizee. Wewe ndiye mwenye miti."

Nilimwomba arudie, si kwa kutosikia. Akarudia.

Nilishuka naye, ngazi moja baada ya nyingine, akiwa ameniegemea. Kijana alikuwa uani na mafundi. Ni mtu mwenye adabu. Alinisalimia, akanieleza shida yake ya makasha. Nilimweleza kuhusu mizizi iliyo juujuu, kwamba saruji ikifika kwenye shina mti hautapata maji wala hewa. Akaniuliza miti hii itafaa kwa nini na lini. Nikamwambia kwa mbao, labda wajukuu zake. Kwa kivuli, labda watoto wake. Na kama mmoja ni dume na mwingine jike bado hatujui, mpaka itoe maua, na hiyo ni miaka mingi mbele. Akacheka. Alisema hajawahi kusikia mtu akitetea kitu kwa hoja mbaya namna hiyo.

Nilimpa stoo ya nyuma ya duka langu aweke makasha. Ni chumba nilichokuwa nakihitaji, na mapazia yangu sasa yamebanana mpaka wateja wanalalamika. Vigae viliwekwa uani kote isipokuwa duara pana kuzunguka kila mpodo, pana kuliko fundi alivyotaka, kwa sababu nilisimama pale nikimwonyesha kwa mguu wapi aishie.

Miaka imepita, na ule wa kwanza umempita Bi Mkubwa kimo. Wangu umefika kiunoni, wavu nimeuondoa, na mvua za vuli zilizopita ulitoa machipukizi upande wote kwa mara ya kwanza. Mama amesema akipata ruhusa ya daktari atakuja kuiona, lakini hasemi lini, na mimi simuulizi sana.

Jumapili sasa simu napokelea uani. Namaliza taarifa yangu, kisha naibandika kwenye sikio la kulia la Bi Mkubwa, lile lenye nafuu, na naishikilia kwa sababu akiishika mwenyewe huwa anaminya kitufe ikakatika. Huwa hawamalizi sentensi. Mmoja anaanza, mwingine anacheka kabla ya kufika mwisho, na mimi ninayeshika simu sielewi wanachekea nini. Mkono ukichoka nahamishia mwingine. Bado huniuma kidogo, pale chini ya mbavu, sauti ya mama ikipita karibu na mimi kwenda kwa mtu mwingine. Wakimaliza, Bi Mkubwa hunirudishia simu akiwa anafuta macho, na mama husema, "Haya, nieleze tena kuhusu lile tawi la upande wa ukuta." Nami nasogea karibu na mti nikaangalie.